Baiskeli kwenye njia za miguu Mwanza na namna ya kuziweka kwenye ramani: maswali yanayoulizwa sana

Ukurasa huu ni wa wanaochora Mwanza na vijiji vya jirani kwenye OpenStreetMap, ile ramani huria ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, na pia wa wapanda baiskeli waliochoka kupelekwa na simu kwenye ngazi za mawe. Kabla hujashuka chini shika kitu kimoja: ramani inakuuliza maswali matatu kuhusu kila njia, ni ya aina gani, nani anaruhusiwa kupita, na ikoje ukiikanyaga. Ugomvi karibu wote unaotokea huku unatokana na mtu kuchukua jibu la swali la tatu akalibandika kwenye la pili. Njia ina mawe, basi anaandika baiskeli marufuku. Nani kapiga marufuku? Hakuna.

Kwanza kabisa, baiskeli inaruhusiwa kwenye njia ya waenda kwa miguu?

Kama unaongelea njia ya pembeni iliyojengwa kando ya barabara, yenye kingo za zege, mfano zile za mjini kati kwenye Barabara ya Kenyatta au Nyerere, ichukulie kuwa ni ya watu wa miguu. Baiskeli mahali pake ni barabarani, upande wa kushoto, maana ni chombo cha usafiri kama vingine na inaguswa na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ile Sura ya 168. Wengi wanadhani hiyo sheria ni ya magari na boda tu.

Njia ya asili ni habari nyingine kabisa. Njia ya kupanda Bugarika, au ile inayokata mashamba kule Kisesa, haikujengwa kwa ajili ya mtu wa miguu peke yake, watu walipita wakapita mpaka ikawa njia, na baiskeli ilikuwemo kwenye huo msafara tangu mwanzo. Usukumani baiskeli imebeba kila kitu bwana, mahindi, madumu ya maji, mkaa, mgonjwa anayepelekwa zahanati. Sehemu kama hiyo hakuna kibao, hakuna kingo, hakuna aliyekataza, so inapitika kihalali mpaka mwenye mamlaka aseme vinginevyo.

Afu kuna sheria ndogo za halmashauri, hizi watu wanazisahau. Mji wa Mwanza una halmashauri mbili, Jiji la Mwanza upande wa Nyamagana na Manispaa ya Ilemela, na kila moja ina nguvu ya kutunga sheria ndogo zake chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982. Ukitoka katikati ya mji ukaingia Kirumba umeshabadilisha halmashauri wakati hata jasho halijakutoka. Kwa hiyo usichukue katazo la upande mmoja ukalimwaga mji mzima.

Mbona kila mtu anapita na hakuna anayekamatwa?

Kutokamatwa sio ruhusa. Ila pia usigeuze hiyo kuwa katazo kwa kila njia unayoiona. Pale ambapo hakuna kibao wala sheria inayokataza, matumizi ya kila siku ya wananchi ndo ushahidi wako mkubwa, na ni ushahidi mzuri tu.

Nikishuka nikaikokota je?

Ukishuka ukaikokota unakuwa mwenda kwa miguu mwenye mzigo. Uingereza kuna hukumu ya mwaka 1980, Crank v Brooks, iliyosema hivyo hivyo kwa mama aliyekuwa anavusha baiskeli kwenye kivuko cha miguu huku anaisukuma. Kwetu huku sijawahi kuona askari akimsumbua mtu anayekokota. Tatizo liko kwenye mzigo: baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa inajaza njia nzima hata ukiwa umeshuka, na mama mwenye beseni la dagaa kichwani ndo anayelazimika kukanyaga mtaroni. Hapo sheria haina neno, ustaarabu unalo.

Kwenye ramani kuna tagi yake kabisa (tagi ni maelezo mafupi unayoyabandika kwenye mstari uliouchora), bicycle=dismount, yaani shuka ukokote, lakini iweke pale ambapo kuna agizo la kushuka, kwa mfano kibao au mlinzi wa soko anayeshusha kila mtu. Usiiweke kwa sababu tu wewe huwa unashuka kwenye baiskeli mlima ukikushinda.

Nimesoma maelezo ya OpenStreetMap yanasema njia ya miguu ni marufuku kwa baiskeli, na faini ipo. Si ndo sheria?

Ni sheria ya kwao. OpenStreetMap ilianzia Uingereza mwaka 2004, mwanzilishi ni Steve Coast, kwa hiyo maelezo mengi ya zamani yana harufu ya huko. Kwa England na Wales, kupanda baiskeli kwenye njia ya pembeni ya barabara kunakatazwa na kifungu cha 72 cha Highways Act ya mwaka 1835. Ndio, 1835, kabla baiskeli yenyewe haijawa baiskeli unayoijua, sheria ilikuwa inaongelea mikokoteni na wanyama, baadaye mwaka 1888 baiskeli ikaingizwa kwenye kundi la mikokoteni. Njia za miguu za mashambani huko ni kesi tofauti tena, ukipita na baiskeli mara nyingi unakuwa umemkosea mwenye ardhi, sio kosa la jinai. Na zile njia zao za farasi baiskeli ziliruhusiwa na Countryside Act ya mwaka 1968, kwa sharti la kuwapisha watu wa miguu na wapanda farasi. Ukivuka ukaingia Scotland mambo yanageuka, sheria ya mwaka 2003 inampa mwenye baiskeli haki ya kupita karibu kila mahali ilimradi asilete vurugu.

Ujerumani mtoto hadi miaka 8 analazimika kupita njia ya miguu na hadi miaka 10 anaruhusiwa. Japani wenye miaka chini ya 13 na kuanzia 70 wanaruhusiwa. Unaona sasa, nchi nne, majibu manne, na hakuna hata moja linalomhusu mtu wa Buhongwa.

Kwa hiyo tagi kama designation=public_footpath usiziguse huku. Hizo zimefungwa kwenye ramani rasmi za haki za njia ambazo halmashauri za England na Wales zinatunza tangu sheria ya mwaka 1949. Sisi hatuna kitu kama hicho, na mtu akiiweka kwenye njia ya Nyegezi anakuwa ametangaza haki ambayo haipo kwenye karatasi yoyote.

Sasa naichora kama nini: footway, path au cycleway?

Hapa ndo pa kukaa kidogo maana ndo panapoharibika zaidi.

highway=footway ni njia iliyowekwa kwa ajili ya watu wa miguu. Njia ya pembeni ya barabara, ya ndani ya bustani, ya vitofali kutoka getini mpaka ofisini. highway=path ni ile nyembamba ya wote, wanapita watu, mbuzi, ng'ombe, baiskeli, na mara nyingi haina mwenyewe. highway=cycleway ni ya baiskeli hasa, ina kibao au mchoro wa baiskeli chini. Dar pembeni ya barabara ya mwendokasi, ile ya Morogoro, njia za baiskeli zilijengwa. Huku kwetu utaihitaji mara chache sana, so ukimuona mtu kachora cycleway kutoka Buzuruga mpaka Igoma muulize kaiona lini.

Kwa nini tunakomaa na hii? Kwa sababu programu za kutafuta njia zina mazoea yake. Zikikuta footway isiyo na maelezo ya baiskeli, nyingi zinachukulia kuwa baiskeli haipiti, au zinakwambia ushuke ukokote. Zikikuta path isiyo na maelezo zinachukulia inapita. Sasa mgeni anaanza kuchora, anaona njia ya vumbi mlimani, anasema hii ni njia ya miguu, anabofya footway, anaendelea hivyo mtaa mzima. Jioni amefunga nusu ya Mabatini kwa baiskeli na yeye mwenyewe hajui, na muuza mkate anayetumia simu anazungushwa barabara kuu wakati njia ya dakika tano ipo nyuma ya nyumba.

Kanuni yangu kwa Mwanza: kama haikujengwa, ni path. Imejengwa na halmashauri au taasisi kwa ajili ya miguu, ni footway.

Na kama gari linapita?

Basi imeshatoka kwenye ukurasa huu. Gari likipita kwenda shambani ni track, likipita katikati ya nyumba za watu ni residential. Na barabara ya vumbi inayounganisha vijiji viwili haishushwi cheo kwa sababu ya vumbi lake, kwa Afrika makubaliano ni kuangalia umuhimu wa barabara kwa watu, hali ya uso wake ina tagi yake.

Vichochoro vya milimani kama Igogo, Mabatini, Bugarika, Isamilo vinachorwaje? Kuna mawe, ngazi, tena vingine vinapita uani kwa watu.

Hivi ndo vigumu na ndo vyenye faida kuliko vyote, kwa sababu ramani nyingine karibu zote zinaviruka. Chora highway=path, kisha ongeza uso wake: surface=rock pale inapopita juu ya jabali lenyewe, surface=ground kwenye udongo, surface=concrete pale wananchi walipochanga saruji wakamwaga. Usiogope kukata mstari, njia moja ya kupanda Bugarika inaweza kuwa na vipande vitano tofauti na kila kipande kinastahili tagi yake.

Ngazi ni highway=steps, na ni kile kipande cha ngazi tu, hata kama ni vidato vinne vilivyopangwa kwa mawe na mwenye nyumba. Weka na incline=up ukihakikisha mstari umechorwa kutoka chini kwenda juu. Kama pembeni ya ngazi kuna mteremko mwembamba wa kusukumia tairi, ongeza ramp:bicycle=yes, zipo chache lakini mtu mwenye baiskeli atakushukuru. Huna haja ya kuandika bicycle=no kwenye ngazi. Programu zinajua ngazi ni ngazi.

Mteremko mkali uandike kwa incline, kwa asilimia kama umeupima, au up na down tu kama hujapima. Na smoothness, yaani ulaini wa uso wa njia, inasaidia sana, hasa kile kiwango cha bad na very_bad, maana baiskeli ya mlimani yenye tairi pana inapita mahali ambapo Phoenix yenye keria na mzigo haifiki. Wanaopanda milima kwa mchezo wana tagi yao ya mtb:scale, inaanzia 0 hadi 6. Hiyo waachie wao.

Uani kwa watu je? Nichore?

Kama ni njia ya mtaa ambayo imebanwa na ukuta hapa na choo pale lakini kila mtu anapita, chora. Kama unapita mbele ya jiko la mtu na bibi anakuangalia kwa jicho la "wewe ni nani", hiyo ni ya kwake, iache au iweke access=private.

Sehemu za taasisi, shule, kanisa, hospitali, viwanda vya samaki, angalia geti. Wanaruhusu watu kukatiza kwa hisani yao? Hiyo ni permissive, maana yake mwenye eneo amekubali na anaweza kukataa kesho. Geti lenyewe ni barrier=gate. Kitu ambacho naomba sana kisifanyike ni kuweka access=no kwa sababu umeona baiskeli haziingii. access=no inafunga wote, pamoja na waenda kwa miguu. Kama katazo ni la baiskeli andika bicycle=no, ishia hapo.

Basi bicycle=no naiweka lini hasa?

Kuna kibao cha duara jekundu lenye baiskeli ndani. Kuna maandishi ukutani, "baiskeli marufuku", hata kama yameandikwa kwa rangi ya kopo na herufi zimepinda. Kuna sheria ndogo unayoweza kuitaja. Kuna mlinzi anayezuia kila siku na uongozi wa eneo unathibitisha. Nje ya hapo acha wazi.

Mawe, mteremko, msongamano, wembamba, matope, mbwa wa mtu, hivyo vyote sio katazo. Kila kimoja kina sehemu yake ya kuandikwa, isipokuwa mbwa.

Tofauti ya yes, designated na permissive ni nini?

yes ni haki ya kisheria au ya umma, designated ni njia iliyotengwa rasmi kwa baiskeli na kuna alama, permissive nimeshaieleza hapo juu. Watu wanapenda designated kwa sababu inatokea na rangi nzuri kwenye ramani ya baiskeli. Bila alama usiiweke.

Njia za pembeni za barabara nizichore mstari wake au niandike kwenye barabara?

Vyote vinakubalika, ila chagua kimoja kwa kila barabara. Kuandika kwenye barabara ni rahisi: sidewalk=both, left, right au no. Kushoto na kulia kunafuata uelekeo ambao mstari umechorwa, angalia vimshale. Ukichora mstari wake unakuwa highway=footway pamoja na footway=sidewalk, na barabarani unaandika sidewalk=separate. Lakini ukianza hivyo malizia, uunganishe na vivuko vya pundamilia, na kila sehemu mtu anapovukia, la sivyo unatengeneza mstari unaoelea na programu inamzungusha mtu wa miguu kilomita nzima kuvuka barabara ya mita kumi. Kwa mji wetu, kwa idadi ya wachoraji tuliopo, mi nashauri uandike kwenye barabara kwanza, mstari uje baadaye pale mjini kati.

Na tafadhali: bicycle=no ya njia ya pembeni isiende kubandikwa kwenye barabara yenyewe. Imeshatokea, barabara nzima ya lami ikafungwa kwa baiskeli kwa sababu mtu alikuwa anafikiria ile ya pembeni.

Machinga wamejaza njia ya pembeni, bado ni njia?

Bado. Mwaka 2021 machinga walihamishwa kutoka pembeni mwa barabara kwenye miji mikubwa, Mwanza ikiwemo, na yeyote anayepita Makoroboi anajua meza zinatembea zenyewe. Meza leo ipo, kesho haipo, ramani haiwezi kukimbizana nazo. Chora njia ilivyojengwa. Soko la kudumu lenye vibanda vya kudumu hilo chora kama soko, na njia zake za ndani zikiwa wazi ni footway.

Mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, ni kisa chake peke yake. Alfajiri mikokoteni, baiskeli na wabeba mizigo wote wamo kwenye njia moja na hakuna wa kumwambia mwenzake hii yangu, so hapo usitafute usafi, andika matumizi mchanganyiko na upana.

Madaraja ya waenda kwa miguu, kama pale Furahisha na Mabatini?

Daraja ni bridge=yes na layer=1 ili lipite juu ya barabara, usiliunganishe na barabara ya chini kwa nukta moja, maana ukiunganisha programu itamrusha mtu kutoka darajani mpaka kwenye lami. Upande wenye ngazi ni steps, upande wenye mteremko laini ni footway. Kama hakuna kibao kuhusu baiskeli acha bila bicycle, footway yenyewe imeshasema vya kutosha.

Daraja la Kigongo–Busisi, lile lililofunguliwa Juni 2025, lina urefu wa kilomita 3 hivi na ndo limechukua kazi ya kivuko upande ule. Watu wengi wanauliza baiskeli zipite wapi, pembeni kwa watu wa miguu au kwenye barabara. Jibu kwa mchoraji ni moja tu, andika kile kibao cha mwanzo wa daraja kinachosema, usibuni kwa kulinganisha na daraja lolote la Dar.

Na vivuko?

Kivuko kama cha Kamanga ni route=ferry, na humo baiskeli ni abiria wa kawaida, weka foot=yes na bicycle=yes. Kwa anayetoka mjini kwenda Sengerema na baiskeli hiyo tagi ndogo ndo inayofanya simu yake ikubali kuvuka maji, bila hiyo itamwambia azunguke mpaka Usagara halafu Kigongo.

Bodaboda zinapita kwenye path, niandike?

Andika motorcycle=yes kama kweli zinapita kila siku na hakuna aliyekataza, vijijini ni taarifa kubwa sana hasa kwa mama mjamzito anayetakiwa kufika kituo cha afya. Mjini kuwa mwangalifu. Ukiandika motor_vehicle=no kumbuka boda imo ndani yake.

Mvua ikinyesha njia inapotea, inaandikwaje?

Masika, Machi mpaka Mei, na vuli kuanzia Oktoba, njia za bondeni zinabadilika sura. Inayojaa maji mara kwa mara, mfano sehemu zinazopakana na Mto Mirongo, inastahili flood_prone=yes. Sehemu ya kuvuka kijito kwa kukanyaga maji ni ford=yes. Njia za kwenye majaruba ya mpunga zinazokufa msimu mzima ni seasonal.

Ufukweni ongeza umakini. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda mpaka kupita kiwango cha mwaka 1964 kilichokuwa kinashikilia rekodi, na njia nyingi za pembeni ya maji zilizama. Baadhi zilirudi, nyingine zilihamia juu zaidi. Picha ya setelaiti inaweza kuwa ya kabla au ya baada, na ukiangalia tu kutoka mezani huwezi kujua.

Kwani siwezi kuchora kwa setelaiti tu nikiwa nyumbani?

Umbo la njia unaweza. Ruhusa huwezi, hakuna setelaiti inayosoma kibao. Na kwa Mwanza hata umbo linadanganya: mifereji ya maji ya mvua juu ya mawe inaonekana kama njia nyeupe safi kabisa ukiwa juu, na njia halisi imejificha chini ya miembe. Nimeona "njia" iliyochorwa ikiporomoka jabali la kwenda chini moja kwa moja. Mbuzi mwenyewe angekataa.

Tumia picha za Bing au Esri zilizomo kwenye programu ya kuchorea, hizo zimeruhusiwa. Google usikopi, sio jina la njia, sio mstari, sio picha zao za mtaani. Data ya OpenStreetMap iko chini ya leseni huria ya ODbL tangu 2012 na inabidi kila kitu kiwe kimetoka sehemu safi.

Nitumie programu gani, simu yangu ni ya kawaida na bando ni dogo?

Kwa Android anza na StreetComplete. Inakuuliza maswali mtaani, uso wa hii njia ni nini, kuna njia ya pembeni, unajibu kwa kubofya picha na unapandisha baadaye ukipata waifai. Kutembelea, Organic Maps inafanya kazi bila intaneti ukishapakua eneo. Kuchora mistari mirefu tumia kompyuta na iD, ile inayofunguka kwenye tovuti yenyewe. JOSM, nayo ni ya kuchorea kwenye kompyuta, ina nguvu ila isubirishe mpaka uzoee.

GPS ya simu kati ya mawe makubwa na mabati inayumba mita kadhaa. Pita njia ile ile kwenda na kurudi, chora katikati ya mistari yako.

Naulizwa mtaani "unapima nini hapa?" Nijibuje?

Wana haki ya kuuliza, watu wamechoka na wapimaji, mtu akiona unapiga picha njia ya nyumba yake anawaza bomoabomoa au upanuzi wa barabara. Anzia ofisi ya serikali ya mtaa, jitambulishe kwa mwenyekiti au mtendaji, eleza kwamba hupimi viwanja. Wasalimie wazee kwanza, ukiweza "mwangaluka" asubuhi utashangaa milango inavyofunguka. Hao hao ndo watakwambia njia ipi imefungwa tangu ukuta wa nani ujengwe na ipi inapitika mpaka usiku. Usiandike jina la mtu wala "njia ya kwa mzee fulani" isipokuwa ndo jina ambalo mtaa mzima unalitumia kwa njia hiyo.

Kuna mtu kabadilisha kazi yangu, path zote kazifanya footway. Nimrudishie?

Usianze vita. Fungua badiliko lake, muandikie maoni, muulize kaona nini. Mara nyingi ni mgeni aliyefuata mazoea ya kwao, au ni mtu wa semina aliyepewa maelekezo ya haraka. Mwambie kwa nini kwetu path ndo sahihi na umtajie athari kwa baiskeli. Akikaa kimya, rekebisha sehemu unazozijua kwa macho, na kwenye maelezo ya badiliko andika kwa Kiswahili ulichokiona na siku uliyopita. Ukweli wa ardhini unashinda. Mkishindwana kabisa kuna Data Working Group ya OpenStreetMap Foundation, kamati inayoamua migogoro ya data, ila kwa njia ya kichochoro sidhani kama mtafika huko.

Nimerekebisha jana, mbona simu bado inanizungusha?

Ramani ya kwenye tovuti inabadilika haraka, ila programu za nje ya intaneti zinasubiri toleo jipya la data, na inabidi na wewe uliboreshe kwenye simu. Vuta subira. Ikiwa umeshaboresha na bado haipiti, angalia kama mstari wako umeungana na barabara kweli. Nukta mbili zikikaribiana bila kugusana, macho yako yanaona njia, programu inaona ukuta. Angalia pia kama kuna barrier katikati isiyo na maelezo ya baiskeli, hasa vile vichuma vya kuzuia magari, hivyo ni barrier=bollard na baiskeli inapita, weka bicycle=yes juu yake.

Kibao kipya kimewekwa, au cha zamani kimeng'olewa. Nifanyeje?

Piga picha, badilisha tagi, ongeza check_date:bicycle na tarehe ya siku hiyo kwa mtindo wa mwaka-mwezi-siku. Kibao kikiwa kimeng'olewa usikimbilie kufuta katazo. Mara nyingine chuma kimeuzwa skrepa tu na agizo bado lipo, ulizia ofisi ya mtaa, au TARURA kwa barabara za mitaa na TANROADS kwa zile kuu.